Siku Nne za Kwanza: Nyumba za Maombi na Leseni ya Kutibu Waraibu

Mazungumzo kwa viongozi wa dini, machifu na wahudumu wa afya ya jamii wa Kitale na Bungoma



Mada ya leo ina jina refu, lakini swali lake ni fupi. Mtu ambaye amekunywa chang'aa kwa miaka kumi analetwa kanisani na mamake. Anapokewa, anaombewa, anapewa godoro alale hapo hadi atakapopona. Je, serikali inahusika? Wapo wanaosema haihusiki kamwe, maana sala haiombewi leseni. Wapo na maafisa wanaosema kila nyumba ya maombi inayolaza mraibu ifungwe kesho asubuhi. Pande zote mbili zinakosea, na ni vizuri kuanza na kosa la upande wa serikali, kwa sababu ukitaja leseni na dini katika nchi hii ya Mlima Elgon, wazee hukaa wima.

Wana sababu. Elijah Masinde, mwana wa Kimilili na mcheza kandanda hodari wa zama zake, ndiye aliyeongoza Dini ya Msambwa. Mwaka 1945 serikali ya mkoloni ilimpeleka katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, na hakutoka huko hadi 1947. Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi wa dini hiyo huko Malakisi, watu wakafa, na mwaka huohuo dini yenyewe ikapigwa marufuku. Masinde akahamishwa mbali na watu wake kwa zaidi ya miaka kumi. Anayedhani uhuru ulimaliza habari hiyo akumbuke kwamba serikali ya Kenya huru nayo iliipiga marufuku dini ileile mwaka 1968.

Kwa hivyo mchungaji wa Chwele au wa Endebess akimwona afisa anaingia na daftari na kuuliza, "Huku mnaomba vipi?", ana haki ya kushtuka. Tena afisa anayeuliza swali hilo hajui kazi yake. Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, fikra, imani na maoni. Hakuna karatasi ya kaunti wala ya Nairobi inayoweza kumzuia muumini kumwekea mgonjwa mikono.

Sheria ya leseni inaanzia kwingine. Inaanzia pale godoro linapotandikwa.

Sheria ya NACADA ya mwaka 2012, katika kifungu cha 5, imeipa mamlaka hiyo kazi ya kutoa leseni na kusimamia vituo vya kurekebisha tabia vya watu wenye uraibu. Haitofautishi kituo cha kanisa na kituo cha mfanyabiashara. Kanisa lenyewe husajiliwa na Msajili wa Vyama chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108, na wachungaji wengi huonyesha cheti hicho wanapoulizwa leseni. Cheti hicho ni halali na ni cha heshima. Lakini hakisemi lolote kuhusu kulaza wagonjwa, kama vile leseni ya bodaboda isivyomruhusu mtu kuendesha basi la Kitale hadi Nairobi.

Kaunti nayo ina sehemu yake. Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi kaunti huduma za afya za kaunti, utoaji wa leseni za pombe, na udhibiti wa dawa za kulevya. Afisa wa afya ya umma anaweza kukagua maji, vyoo, jikoni na msongamano wa mahali wanapolala watu. Mshauri nasaha anapaswa kusajiliwa chini ya sheria ya washauri na wanasaikolojia ya 2014. Dawa zikianza kutolewa, wasimamizi wa madaktari na hospitali nao wanaingia. Ni milango mingi, na malalamiko ya viongozi wa dini kwamba wanazungushwa kutoka ofisi moja hadi nyingine yana msingi. Yasipuuzwe.

Hata hivyo, sheria hizi zote zingekuwa urasimu mtupu kama si jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha mimbarini wala ofisini. Pombe ni miongoni mwa vileo vichache ambavyo kuviacha ghafla kunaweza kumuua mtu. Si kila mnywaji. Anayekunywa mwisho wa wiki akiacha ataumwa kichwa tu, basi. Hatari iko kwa yule anayekunywa kila siku kwa miaka, anayeamka saa kumi na moja alfajiri kwenda "kutoa loki" ili mikono iache kutetemeka. Iko pia kwa vijana waliozoea tembe za usingizi, zile wanazoita bugizi.

Sababu yake ni hii. Pombe hupunguza kasi ya ubongo. Ubongo, kwa kuwa unataka kuendelea na kazi, hujifunza kusukuma kwa nguvu zaidi, mwaka baada ya mwaka. Ni kama mtu anayesukuma mlango kwa bega, na mwenzake yuko upande wa pili anauzuia. Siku ambayo huyo wa pili anaondoka ghafla, anayesukuma huanguka ndani kwa kishindo.

Mchukulieni mwanamume kama huyo, ameletwa kwenye nyumba ya maombi Jumapili jioni. Glasi ya mwisho aliipata mchana. Usiku huohuo anatokwa na jasho, anatapika, hapati usingizi, mikono inacheza. Jumatatu huenda akapata kifafa: anaanguka, anakauka, povu linatoka mdomoni. Kifafa cha namna hii hutokea zaidi katika saa 48 za kwanza. Kati ya Jumanne na Alhamisi huja hatua mbaya zaidi. Joto la mwili linapanda, moyo unakimbia. Hajui yuko wapi. Anaona siafu ukutani, anasikia watu wasiokuwepo wakimwita, anapigana na hewa.

Sasa jiulizeni mchungaji asiyefundishwa lolote kuhusu hali hiyo ataona nini. Ataona mapepo. Na kwa imani yake njema atafanya yale anayoyajua: ataongeza maombi, atatangaza mfungo, atawaita vijana wenye nguvu wamshike, na akizidi kupigana, watamfunga kamba. Mgonjwa ambaye mwili wake unapoteza maji kwa jasho na matapishi ananyimwa maji. Moyo unaokimbia unaongezewa vita. Akifa alfajiri ya Jumatano, nyumbani itapelekwa habari kwamba pepo lilikuwa na nguvu, au kwamba familia haikuwa na imani ya kutosha. Mama yule ataibeba hukumu hiyo mpaka kaburini kwake, wakati mwanawe alikufa kwa ugonjwa wenye dawa.

Dawa zenyewe si geni. Ni diazepamu kwa vipimo vinavyopunguzwa siku baada ya siku, vitamini B1, maji, na muuguzi wa kupima mapigo ya moyo na joto usiku na mchana. Mgonjwa akiwahiwa, kwa kawaida anapona. Diazepamu haiwezi kugawiwa na mzee wa kanisa, kwa kuwa nayo ina uraibu wake na ikizidi humzuia mtu kupumua. Hiyo ndiyo sababu siku hizo zinahitaji hospitali.

Habari ya kufunga kula inahitaji neno la ziada, maana kufunga ni ibada na kuna watu hapa wanaofunga kwa furaha. Mnywaji wa muda mrefu hula kidogo, na pombe huuzuia mwili kuchukua vitamini B1 kutoka kwenye chakula hicho kidogo. Anafika mlangoni pa kanisa akiba yake ikiwa karibu kwisha. Akifungishwa siku tatu, kisha akafunguliwa kwa soda au uji wa sukari nyingi bila kupewa vitamini hiyo, ubongo wake unaweza kuumia: macho yanayumba, miguu haishiki njia, kumbukumbu inapotea, na pengine isirudi tena. Waislamu wanajua vizuri kwamba mgonjwa ameruhusiwa kutofunga. Wakristo wanaoendesha nyumba za maombi wangeweza kuwa na kanuni kama hiyo bila kupunguza chochote katika imani yao: wafunge wenye afya kwa ajili ya mgonjwa, mgonjwa ale.

Jambo la pili ni kufuli.

Mwaka 2015 au mwaka wowote mwingine, ukimwuliza mwenye nyumba ya maombi kwa nini mlango umefungwa kwa nje, jibu ni lilelile: wazazi walitia sahihi. Kwa mtu mzima sahihi hiyo haina nguvu. Kifungu cha 29 cha Katiba kinamlinda kila mtu asinyimwe uhuru wake kiholela, asipigwe, asiteswe, na asitendewe ukatili au kudhalilishwa. Na kifungu cha 25 kinasema kinga dhidi ya mateso na udhalilishaji haiwezi kupunguzwa na sheria yoyote, hata iwe na nia njema kiasi gani. Mabadiliko ya Sheria ya Afya ya Akili yaliyopitishwa mwaka 2022 yamemtambua mtu mwenye uraibu wa pombe au dawa, akishapimwa na mtaalamu, kuwa miongoni mwa wagonjwa wanaolindwa na sheria hiyo. Kumlaza mgonjwa bila ridhaa yake kunawezekana, lakini kwa utaratibu: ombi la jamaa, uchunguzi wa mtaalamu, muda uliowekwa, na hospitali inayotambuliwa. Mnyororo na chumba cha nyuma ya kanisa havimo.

Si hofu ya kubuni. Oktoba 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu kufungwa minyororo kwa watu wenye matatizo ya akili katika nchi takriban 60. Kenya ilikuwemo, na miongoni mwa mahali palipotajwa ni kanisa moja mjini Kisumu, safari ya saa chache kutoka Bungoma. Familia zilizowapeleka jamaa zao huko hazikuwa na chuki nao. Zilikuwa zimechoka, hazina pesa, na mlango wa kanisa ulikuwa wazi.

Kisha ikaja Shakahola, Aprili 2023. Msitu ule wa Kilifi haukuwa kituo cha waraibu, na si haki kumlinganisha kila mchungaji anayelaza walevi na yaliyotendeka huko. Lakini zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, na baada ya hapo hakuna afisa wa serikali anayeweza kusema kwamba yanayotendeka ndani ya ua wa kanisa hayamhusu. Rais aliunda jopo la kuangalia sheria zinazosimamia mashirika ya kidini, likiongozwa na Kasisi Mutava Musyimi, na ripoti yake ilikabidhiwa Julai 2024. Mjadala wa sheria mpya bado unawagawa viongozi wa dini, na wana haki ya kubishana. Ila wasisubiri mjadala huo uishe ndipo watazame nani amelala kwenye vyumba vyao.

Kuna wanaouliza kama serikali haiwezi kuwasamehe watu wa dini leseni hiyo. Swali hilo liliwahi kuulizwa mbali. Katika jimbo la Texas, Marekani, mwaka 1995, wakaguzi walikiandama kituo cha Kikristo cha Teen Challenge mjini San Antonio kwa kutofikia masharti, likiwemo la kuwa na washauri wenye leseni. Waumini waliandamana. Gavana wa wakati huo, George W. Bush, akawaunga mkono, na mwaka 1997 jimbo likapitisha sheria ya kuvisamehe leseni vituo vinavyotumia sala, mafundisho ya maandiko na ushauri wa kiroho pekee. Watu wengi hukomea hapo wanapoisimulia habari hiyo. Sheria ileile iliwataka wajiandikishe, watangaze wazi kwamba huduma yao ni ya kidini tu na haisimamiwi na mamlaka ya jimbo, na ikawakataza kutoa matibabu ya kumtoa mtu pombe mwilini. Hata jimbo lililoipa dini nafasi kubwa kiasi hicho halikuwaachia watu wa dini siku nne za kwanza.

Hadi hapa serikali inaonekana kama mwenye haki yote. Haina. Utafiti wa kitaifa wa NACADA wa mwaka 2022 uliliweka eneo la Magharibi mbele ya maeneo mengine yote ya Kenya kwa matumizi ya pombe, asilimia 23.8. Bungoma imo katika hesabu hiyo. Trans Nzoia ilihesabiwa pamoja na Bonde la Ufa, ingawa mtungi wa chang'aa hauna desturi ya kusimama Kamukuywa kuuliza mpaka uko wapi. Ukilinganisha wingi huo na vitanda vilivyopo vya kutibu uraibu, utaelewa kwa nini mama wa Kiminini hakwenda hospitali. Kituo chenye leseni kinamtaka pesa ambazo hata akiuza magunia yote ya mahindi hazitatosha. Hospitali ya Moi ya Rufaa iko Eldoret. Mchungaji yuko mtaani, hadai kitu, na anapokea simu usiku.

Ndiyo maana kufunga nyumba ya maombi bila kuwa na mahali pa kuwapeleka waliomo ni kazi nusu. Wagonjwa 12 wanaotolewa kwa lori na kuachwa kwenye stendi ya matatu watarudi kwa mama pima kabla ya jua kutua. Ukaguzi wowote unaofanywa uende na muuguzi, na uwe na kitanda kilichotengwa kabla ya mlango kugongwa. Hili halihitaji sheria mpya.

Na ni lazima isemwe wazi kwamba hospitali nayo haiwezi kumaliza kazi. Inajua kumvusha mtu siku nne, pengine kumi. Haijui kumpa mtu rafiki wa Jumamosi jioni, saa ambayo wenzake wa zamani wanapita wakimwita. Waliowahi kuacha pombe wanajua kwamba vita virefu viko miezi ya baadaye, wakati mwili umepona na maisha bado ni matupu. Hapo dini ina uzoefu ambao serikali haina. Marafiki, Wakweka, wamehubiri kuacha pombe katika eneo hili tangu kizazi cha kwanza cha misheni ya Kaimosi, iliyoanza 1902. Chama cha Walevi Wasiojulikana, kinachofahamika dunia nzima kwa herufi AA, kilianzishwa na wanaume wawili huko Akron, Ohio, mwaka 1935, kikitokana na ushirika wa Kikristo, na hadi leo vikundi vyake vingi hukutana katika kumbi za makanisa. Shamba la kanisa, kwaya, kikundi cha akina baba, mtu wa kumpigia simu saa tano usiku: hayo hayauzwi kwenye duka la dawa.

Kwa hivyo kanisa au msikiti unaotaka kuwasaidia waraibu uamue kwanza swali moja: je, watalala? Unaokutana nao mchana, ukaomba nao, ukala nao, na kuwarudisha nyumbani jioni, unafanya kazi ya kawaida ya kichungaji. Unaowalaza uandike kwa NACADA kuomba kukaguliwa na umwite afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo aone jengo mapema, kabla ya mgonjwa wa kwanza, kwa sababu kurekebisha choo kabla ni rahisi kuliko kueleza baada ya msiba.

Awe analala au halali, mtu anayekunywa kila siku apitie hospitalini kwanza. Pande za Kitale ni hospitali ya kaunti. Pande za Bungoma ni hospitali ya rufaa ya kaunti, au ya kimisheni iliyo karibu, kama Lugulu au Misikhu. Mwulizeni maswali matatu kabla ya kumwombea: anakunywa asubuhi? Amewahi kuanguka kifafa alipoacha? Anameza tembe zozote? Akisema ndiyo kwa hata moja, asiachishwe ghafla nyumbani wala kanisani. Akianza kuona vitu visivyokuwepo, au akipata kifafa, ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, na mchungaji anaweza kuomba ndani ya gari.

Wekeni daftari. Jina, umri, jamaa wa kuitwa, siku aliyofika, nani alimpima, siku aliyoondoka na jinsi alivyoondoka. Wanawake na wanaume walale mbalimbali. Aliye chini ya miaka 18 asichanganywe na watu wazima, na ofisi ya watoto ijulishwe. Funguo za chumba ziwe ndani.

Afisa akija, mwombeni kitambulisho cha kazi. Ana haki ya kuona daftari, jikoni, vyoo, vyumba na vyeti vya wafanyakazi. Hana haki ya kuuliza mnaomba kwa sauti gani, wala ya kuondoka na bahasha. Akidai bahasha, ripotini.

Simu ya NACADA ya msaada ni 1192, haina malipo na inajibiwa usiku na mchana. Maafisa wa afya ya umma wa kaunti zote mbili wako kwenye meza ile karibu na mlango, nao watajibu maswali ya ukaguzi baada ya chai. Wenye mgonjwa nyumbani sasa hivi, ambaye aliacha kunywa jana au leo, wasisubiri chai.